Mwacheni Upendo Amalize Kidato cha Sita Kwanza

London, Novemba

Baba Mkubwa, shikamoo. Kamwene.

Naandika kwa kirefu kwa kuwa najua wewe si mtu wa kusikiliza sauti za WhatsApp. Daudi nimemwomba aichapishe barua hii steshenari, pale Miomboni, kwa herufi kubwa, ili usihangaike na miwani. Mimi mzima. Baridi imeingia, ingawa aliyezoea kuoga alfajiri Kihesa mwezi wa saba hatishwi sana na ya hapa. Giza ndilo linalonichosha. Saa kumi jioni jua limeshazama na mimi ndiyo kwanza najiandaa kwenda kazini.

Mama amenieleza kwamba mmekaa kikao juu ya Upendo, na kwamba wewe ulisema lisikatwe neno mpaka nijibu. Nashukuru kwa heshima hiyo. Nilivyoelewa, mtoto anataka kuacha shule miezi michache kabla ya mtihani wa kidato cha sita, aje Ulaya kufanya "kazi ya dada", yaani hii yangu ya jukwaani. Na Baba Mdogo akauliza swali ambalo wengine mlikuwa mnalimeza: hiyo kazi ya dada ni kazi gani, mbona hata kwenye bango haonekani?

Kwenye bango sitaonekana, mumwambie Baba Mdogo asichoke macho bure. Igizo la muziki lina waigizaji wakuu wachache, ambao ndio wa bango. Nyuma yao lipo kundi la waimbaji na wachezaji wanaokuwa mara wanakijiji, mara askari, mara wateja sokoni. Halafu tupo sisi, wenyewe wanatuita swingi. Mimi sina nafasi yangu jukwaani. Nimeajiriwa kujua nafasi za wanawake wote wa kundi: huyu anaingilia upande gani, anaimba sauti ya ngapi, kikapu anakishika mkono upi, gauni anabadilishia wapi gizani, na nani anamfunga zipu. Mmoja akiugua au akienda likizo, naingia mimi. Siku nyingine naambiwa asubuhi nikiwa bado na mswaki mdomoni. Siku nyingine mtu anateguka kifundo katikati ya onyesho, na sehemu ya pili naianza mimi, watu wamekaa na aiskrimu zao hawajui kilichotokea. Wakikosekana wawili kwa pamoja ndipo hesabu inapokuwa ngumu: naimba mistari ya yule, napita njia ya huyu, na katikati nakimbia nyuma ya pazia nitokee upande wa pili.

Hili wewe halitakushangaza. Watu wa sauti ya tatu walipopungua kwaya msimu wa kulima, ulikuwa unamwambia mtu wa besi apande, na ulitulazimisha sote tujue sauti zote nne, huku tukinuna. Leo nalipwa mshahara kwa kile tulichokuwa tunakinunia.

Maonyesho ni 8 kwa wiki, sita ya jioni na mawili ya mchana. Dakika 35 kabla ya kuanza, meneja wa jukwaa anatangaza kwenye spika za vyumbani, na asiyekuwa ndani kwa wakati huo, nafasi yake inaanza kutafutiwa mtu. Hizo ndizo dakika zangu za roho juu. Akishafika wa mwisho, nami sihitajiki, nakaa chumbani na daftari langu lenye ramani ya jukwaa na mistari ya rangi, rangi kwa kila mtu. Kuna wiki naingia kila siku. Kuna wiki nzima sigusi jukwaa, na mshahara ni uleule. Wajomba wataiita kazi ya kukaa. Wawaze hivyo hivyo.

Sasa kuhusu koo, maana hapa ndipo ninapomhofia Upendo kuliko kwenye fedha. Noti ambayo okestra inatyunia vyombo vyake, mtu akiiimba, zile nyuzi mbili ndogo za sauti zinagongana mara 440 kwa sekunde moja. Sauti ya kwanza inazunguka hapo karibu wimbo mzima, na mara nyingi inapanda juu zaidi. Upendo anaimba ibada mbili za Jumapili, mazoezi ya kwaya jioni, kisha mikutano ya injili ya nje ambako jenereta likizimika watu wanasubiri aendelee kwa kifua, naye anaendelea, kwa sababu ni mtoto wa watu na hajui kusema hapana. Nyuzi zikigongana hivyo bila kupumzika zinaota vinundu, na vinundu vimemaliza kazi za waimbaji wakubwa. Huku hatupigi kelele hata kidogo. Maiki ndogo inafichwa kwenye paji la uso, chini ya wigi, betri yake inafungwa kiunoni ndani ya nguo. Anayekuza sauti ni fundi aliye nyuma ya ukumbi. Mimi Jumapili, siku yangu ya mapumziko, naenda kanisani na nafungua mdomo bila kutoa sauti. Mchungaji nilimweleza. Waumini nadhani wanaona nina majivuno.

Kwa hiyo la kwanza, naomba uongee na mwalimu wa kwaya wa sasa. Wewe atakusikiliza. Upendo aimbe ibada moja, na homa ikimshika asiimbe kabisa. Kunong'ona nako si kupumzika, bora anyamaze.

Fedha nitaisema haraka. Mkataba wangu ni wa mwaka, ukiisha narudi kwenye usaili kama mtu asiyejulikana. Kwenye usaili unaingia chumba chenye piano na watu watatu au wanne nyuma ya meza, mara nyingi unaruhusiwa baa 16 tu za wimbo, yaani kipande kifupi, wanakushukuru, unatoka. Wenzangu wengi kati ya mkataba na mkataba wanahudumia mezani mahotelini. Machi 2020 kumbi zote za hapa zilifungwa kwa ajili ya korona, na nyingi hazikufunguka mpaka 2021. Nilipofika niliwakuta wenzangu bado wanalipa madeni ya wakati ule. Kipo chama cha waigizaji, Equity, tangu 1930, kinachosimamia viwango vya malipo na saa za kazi, nacho kinatusaidia sana. Ila chumba ninacholala kinakula karibu nusu ya mshahara, na hiyo hakuna chama kinachoizuia.

Wewe mwalimu wa historia utataka kujua kama watu wetu wanapata nafasi. Wanapata, na hawakuanza jana. Mwaka 1928 Paul Robeson, Mmarekani mweusi ambaye baba yake alizaliwa mtumwa, aliimba hapa kwenye ukumbi wa Theatre Royal Drury Lane katika Show Boat, kwa besi ambayo ungeitamani kwenye kwaya yako. Mwaka 1961 likaja kundi zima kutoka Johannesburg na King Kong, igizo la maisha ya bondia, muziki wake umetungwa na Todd Matshikiza. Baadhi yao hawakurudi tena kwao, nawe unajua kwao kulikuwaje miaka ile. Na liko lile la simba, The Lion King, lililofunguliwa New York 1997, likafika London 1999 na Hamburg 2001, ambalo limeajiri waimbaji wengi kutoka Afrika Kusini. Kila ninayemwambia natoka Tanzania ananiuliza kama nimo humo. Simo. Niliwahi kukasirika, siku hizi nacheka tu, maana hata nyumbani kuna majirani wamewaambia watu kwamba nimo.

Niseme sasa jambo lililonifanya nichelewe kujibu. Mama alinitumia video ya mahafali ya kidato cha nne shuleni kwa akina Upendo, lile igizo lao la Mkwawa. Nilitegemea kuangalia dakika mbili kwa adabu. Mwanzo ni kama maigizo yote ya shule: Wajerumani wa Lugalo wana bunduki za miti na kofia za maboksi, Wahehe wanawashinda kabla hata hawajajipanga, kila mtu anamkinga mwenzake asionekane na watazamaji, na yule kijana anayemwigiza Mkwawa anaongea akiangalia chini. Halafu wanaruka mpaka 1954, fuvu la Mkwawa walilochukua Wajerumani linarudi Kalenga. Fuvu lenyewe ni kibuyu kimefungwa kitambaa cheupe. Upendo ni bibi kizee anayelipokea.

Baba Mkubwa, hakuanza kuimba. Wengi wangeanza kuimba. Alikiangalia kile kibuyu, akakizunguka, akakaa chini taratibu kama mtu mwenye magoti mabaya, ndipo akaanza, kwa sauti ya chini ambayo simu ya Mama haikuishika vizuri. Ubeti wa tatu sauti ilimpasuka. Msichana wa miaka 18 akipasukiwa na sauti mbele ya shule nzima huwa anacheka au anakimbia. Yeye aliuchukua ule mpasuko akauweka kwenye kilio cha yule bibi, akaumalizia wimbo kwa kuusema. Wale watoto wa kidato cha kwanza waliokuwa wanasukumana mbele wakatulia. Jambo hilo huku watu wanalisomea miaka mitatu na wengine wanatoka bila kulipata.

Kwa hiyo kipaji anacho, na sitaki mtu yeyote kikaoni aseme hana ili kumtuliza. Atajua anadanganywa na hatawasikiliza kwenye mengine.

Lakini asije sasa. Chuo cha hapa kinamtoza mwanafunzi wa kigeni ada ambayo hata tukiuza shamba la Kilolo haitoshi, na akija bila chuo wala mkataba atakuja kulea watoto wa watu. Amalize mtihani wa Mei. Baada ya hapo aende Bagamoyo, TaSUBa, chuo kilekile cha sanaa kilichofunguliwa 1981, nilikopita mimi. Kule atafundishwa kuigiza, kucheza na muziki pamoja, jambo ambalo kwetu halina ugeni. Ngoma ya Kihehe ina mwenye kuimba, mwenye kucheza na mwenye kuigiza, na mara nyingi ni mtu mmoja. Ada yake nitalipa mimi. Andikeni hivyo kwenye kumbukumbu za kikao, nisije nikageuka.

Wewe nakuomba umfundishe nota za mistari mitano kuanzia sasa. Solfa yako ilinipa sikio, nalo linanilisha mpaka leo, ila chumbani kwenye usaili hakuna anayekupa do-re-mi. Unawekewa karatasi ya piano. Mimi nilijifunza mistari ile ukubwani, kwa tabu na machozi. Kitabu nimekifungasha, atakuja nacho mtu wa Mafinga mwezi ujao.

Na liko jambo la yule wakala wa kwenye mtandao aliyemwahidi kazi. Upendo hakuwaambieni, ameniambia mimi, nami nawaambia kwa ruhusa yake, msimgombeze. Anaombwa hela ya "usajili" na picha ya pasipoti. Asitume chochote. Wakala wa kweli hula asilimia ya ulichokwisha kulipwa. Anayeomba kwanza ni tapeli, hata awe na picha za kumbi gani.

Mkataba wangu unaisha mwishoni mwa Mei. Wasipouongeza nitakuwa Iringa Juni, na kama wanafunzi wale wako tayari, nataka tulichukue lile igizo la Mkwawa tulipange upya, mtu asimkinge mwenzake, na Mkwawa ainue kichwa. Ongea na mwalimu mkuu mapema kuhusu ukumbi, na uulize kama umeme wao unahimili taa nne. Kibuyu wasikitupe.

Msalimie Mama Mkubwa, mwambie dawa ya miguu niliyoahidi imo kwenye mzigo huohuo wa Mafinga. Upendo anipigie Jumatatu asubuhi kabla hajaingia darasani. Jumapili asijaribu, sitapokea.

Mwanao,
Rehema