Jumapili: maswali magumu ya historia ya Kanisa letu la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho (Wamormoni)

Akina kaka na akina dada, hamjambo?

Kikao kimesogezwa. Sasa ni Jumapili hii saa 9 alasiri, si saa 8, maana kwaya inatumia chumba. Tutakaa darasa la vijana.

Chagua swali moja la kuandaa:

1. Ono la Kwanza, pale Joseph Smith, mwanzilishi wa Kanisa, alipotokewa na Mungu akiwa kijana. Alilisimulia 1832, tena 1835, 1838 na 1842, na simulizi hazifanani kila kitu. Tutasoma ya 1832 na ya 1838 kwa sauti kabla ya kubishana.

2. Jiwe na kofia. Mashahidi walisema Joseph Smith, alipotafsiri Kitabu cha Mormoni, aliweka jiwe ndani ya kofia, akainamisha uso humo kuzuia mwanga, huku mwandishi akiandika. Kanisa lenyewe lilitoa picha ya jiwe hilo 2015, kwa hiyo tusiwaambie vijana ni uzushi wa maadui.

3. Ukuhani na watu weusi. Hili ndilo tunaloulizwa zaidi mtaani, tulipe muda. Elijah Able, mtu mweusi, alitawazwa 1836; Brigham Young, rais wa Kanisa baada ya Joseph Smith, akatangaza zuio la weusi kupewa ukuhani 1852; likaondolewa Juni 1978. Someni Tamko Rasmi la 2, lililotangaza kuondolewa kwake, na zile hekaya kwamba weusi ni laana ziacheni nyumbani. Nahitaji watu wawili hapa.

Ndoa za wake wengi tutazipangia siku yake, dakika kumi hazitoshi hata kuanza!

Chai na mandazi ni shilingi 100, mpeni mweka hazina.

Tafadhali jibu hapa kabla ya Ijumaa saa 2 usiku: jina, unakuja au huji, na namba ya swali. Asanteni sana.