Siku ya chanjo ya miezi 18 itumike kuulizia usonji

Ndugu Mhariri,

Mtoto anayefuata ratiba ya chanjo hapa nchini huchomwa sindano ya kwanza ya surua na rubella akiwa na miezi 9, na ya pili akiwa na miezi 18. Hiyo ya pili inaangukia kwenye umri ambao dalili za usonji (autism), hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa namna mtoto anavyowasiliana na watu, huwa zimeanza kuonekana kwa anayejua cha kutazama. Mama ameshafika kliniki, mtoto amempakata, kadi iko mezani. Mtoto anapimwa uzito, anachomwa, wanaondoka. Hakuna aliyeuliza kama anaitikia jina lake.

Daktari mzoefu anaweza kuthibitisha usonji mtoto akiwa na miaka 2. Huku kwetu wengi huja kutiliwa shaka wakiwa na miaka 5, pale mwalimu wa darasa la awali anapolalamika kuwa mtoto hatulii wala hasikii. Miaka 3 inapotelea kwenye neno "subiri": wa kiume huchelewa, hata baba yake alichelewa, nyumbani mnamchanganyia Kigogo na Kiswahili. Lugha mbili hazileti usonji. Wengine hupelekwa kukatwa udata, kana kwamba ulimi ulioshikwa unamzuia mtoto kugeuka anapoitwa au kumwonyesha mama yake kuku kwa kidole.

Lipo dodoso la maswali 20 liitwalo M-CHAT-R, la watoto wa miezi 16 hadi 30. Kila jibu la kutia shaka ni alama 1. Akipata 0 hadi 2, shaka ni ndogo. Akipata 3 hadi 7, mzazi anaulizwa tena kwa undani yale maswali aliyokwama. Kuanzia 8, apewe rufaa moja kwa moja. Ni kazi ya dakika chache, lakini huharibika muuguzi anapouliza kama karani wa sensa, huku foleni nzima ikisikiliza. Ukimuuliza mama "mtoto anaongea?" atakujibu ndiyo, na pengine mtoto anarudiarudia tu maneno ya redioni bila kumlenga mtu.

Afadhali ujaribu palepale. Simama nyuma ya mtoto asikuone, umwite mara mbili tatu kwa jina analoitwa nyumbani, si lile la kwenye kadi. Nyoosha kidole kwenye saa ya ukutani useme "tazama kule", uone kama macho yanafuata. Mpe kikombe kitupu: anajifanya kunywa? Anamnywesha mama? Swali la dodoso la kujifanya kumlisha mwanasesere halina maana kwenye nyumba isiyo na mwanasesere. Mwiko na kopo vinatosha. Na haya yote yafanyike kabla ya sindano. Mtoto aliyetoka kuchomwa hana habari na mtu. Kwa aliyezaliwa njiti, hesabu umri kutoka tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa.

Hapo nimwahi atakayenielewa vibaya: chanjo haisababishi usonji. Makala ya Andrew Wakefield ya mwaka 1998 iliyozua hofu hiyo ilifutwa na jarida lililoichapisha, The Lancet, mwaka 2010. Sindano na dalili hukutana kwenye umri mmoja, basi.

Aliyefanya vizuri akiwa na miezi 18 aulizwe tena akifikisha 24, maana wapo wanaoanza vizuri kisha maneno yakapotea katikati ya mwaka wa pili. Tatizo ni kwamba kwenye miezi 24 hakuna chanjo ya kumvuta mama kliniki, na ikiangukia msimu wa kilimo, mama wa Bahi au Chamwino yuko shamba. Swali hilo itabidi limfuate nyumbani kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii.

Shaka ikiwepo, kinachotangulia ni kupima usikivu, na kupiga makofi nyuma ya kichwa si kipimo: mtoto mwenye uziwi wa sehemu anaweza kusikia ngoma asisikie maneno. Usonji hauonekani kwenye damu wala kwenye CT scan. Daktari huutambua kwa kumhoji mzazi na kumtazama mtoto akicheza: anavyowasiliana na watu, na tabia anazozirudiarudia. Familia zinazouza mbuzi ili kulipia picha ya kichwa, bila degedege wala sababu nyingine, zinapoteza fedha na muda.

Nimesikia hoja kwamba hakuna faida ya kuuliza wakati wataalamu ni wachache. Lakini mafunzo ya walezi ya Shirika la Afya Duniani, yenye vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, yaliandaliwa yaendeshwe hata na wasio mabingwa. Tena mama anaweza kuanza leo, kabla ya majibu yoyote: akae chini macho yalingane na ya mtoto, ashike kile mtoto anachokipenda karibu na uso wake mwenyewe, akitaje jina, kisha anyamaze ahesabu hadi 10 kabla ya kumpa. Kule kunyamaza ndiko kunakowashinda wengi.

Ombi langu kwa waganga wakuu wa wilaya za mkoa huu ni karatasi ya maswali hayo kwenye kila meza ya chanjo, na alama ziandikwe kwenye kadi ya mtoto, ili mama akihamia kituo kingine asianze upya.

Mhudumu wa afya ya mtoto,
Dodoma