Mlingoti hauna kosa

Ndugu Mhariri,

Wanawake wanaojifunza kucheza kwenye mlingoti wa chuma kama mazoezi wanasemwa utadhani chuma chenyewe kina dhambi. Kule Maharashtra, India, wanaume wamekuwa wakipanda na kujipinda kwenye nguzo ya mbao tangu zamani, mchezo uitwao mallakhamb, wala hakuna anayewauliza kama wanajidhalilisha. Na hizo nguo fupi? Ngozi ndiyo inayoshika chuma. Ukivaa suruali unateleza.

Hata hivyo, wanaouita mchezo huu ukombozi nao wananichosha. Mtindo wenyewe umepitia kwenye vilabu vya usiku vya Marekani, ambako wanawake walicheza ili wapate kula. Hao bado wanaitwa malaya, ilhali mwenye uwezo wa kulipia darasa anapigiwa makofi kwa miondoko ileile. Ukombozi gani huo unaochagua watu?

Sisi wa Pwani tungepaswa kulielewa jambo hili upesi: kinachohesabika ni nani anayetazama. Katika unyago wanawake wamekata viuno tangu enzi za bibi zetu, marehemu Bi Kidude, mwimbaji wa Zanzibar, akiwapigia ngoma, na heshima haikupungua kwa kuwa watazamaji walikuwa wanawake wenzao. Baikoko, ngoma ya kukata viuno ya Tanga, ilizua kelele ilipopandishwa jukwaani mbele ya kila mtu.

Kwa hiyo nawaomba wenye kumbi za mazoezi: simu zibaki mlangoni, na picha ya mwanafunzi isitumike kwenye tangazo bila ridhaa yake.

Msomaji wako,
Tanga