Shukrani kwa dada muuguzi wa Ngamiani

Dada yangu, jina hukutaka kuniachia, basi salamu zikufikie hivi hivi. Mimi ndiye mwalimu wa darasa la sita uliyenikuta kituo cha daladala, Ngamiani, nikilalamika kwamba nikigusa mada ya kubalehe wavulana wanacheka, wasichana wanajiinamia.

Ukaja shuleni na boksi la viatu lililotobolewa juu. Kila mtoto akaandika swali lake bila jina, akalitumbukiza. Wavulana hukuwatoa nje (mimi ningewatoa, huku Tanga tumezoea kumwachia kungwi). Ukatoa kitambaa cha hedhi, kipya, ukawaonyesha kinavyofuliwa kwa sabuni ya mche na kuanikwa juani, si kufichwa uvunguni kikanuka unyevu. Kicheko kikakatika chenyewe. Halafu 116, simu ya huduma kwa mtoto, kupiga ni bure: ukawakaririsha mpaka wakaiimba.

Wazazi wengine walikuja juu, sifichi. Mmoja wao sasa ananiuliza boksi litafunguliwa lini tena. Nauli uliikataa, hata chai ulikataa. Ukipita tena, mihogo ya nazi ipo, na hiyo hukatai.