Muda wa data kuisha uamuliwe na mwenye data

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nizungumzie malalamiko yanayosikika mara kwa mara matokeo ya mitihani yanapotangazwa, pale tovuti inapolemewa na wazazi pamoja na watahiniwa wakabaki wakitazama ukurasa mtupu. Ushauri unaofuata kwa kawaida ni kununua seva kubwa zaidi. Mimi ni mhandisi wa programu, na naona kabla ya kufika huko tungejiuliza kwa nini hifadhidata iulizwe swali lile lile mara maelfu ilhali jibu lake halijabadilika tangu asubuhi.

Dawa ya tatizo hili si ngeni. Mwaka 2003 Brad Fitzpatrick aliandika Memcached kwa ajili ya mtandao wa LiveJournal, na mwaka 2009 Salvatore Sanfilippo akatoa Redis. Programu hizi huweka majibu yanayoulizwa sana katika RAM (kumbukumbu ya haraka ya kompyuta) za seva kadhaa, kama karani anayeacha nakala ya jalada mezani badala ya kurudi masjala kila anapoulizwa, na kila jibu hupewa muda wa kuishi ambao ukipita jibu hilo halitolewi tena. Kwa wanaoandaa zabuni, ni vizuri kujua kwamba Redis ilibadilisha leseni yake mwaka 2024, na ndipo Valkey, chipukizi la Redis, ilipozaliwa chini ya Linux Foundation, taasisi inayosimamia miradi ya programu huria, ikiwa programu huria.

Kugawa majibu hayo kati ya seva kunahitaji uangalifu. Njia rahisi ni kugeuza ufunguo wa kila jibu, yaani jina linalolitambulisha, kuwa namba, kuigawanya kwa idadi ya seva, na kutumia baki kuchagua seva. Lakini ukitoka seva nne kwenda tano, takriban asilimia 80 ya funguo huhama makao kwa mkupuo, na maswali yote hayo huangukia hifadhidata siku ile ile uliyokusudia kuipunguzia mzigo. Mwaka 1997 David Karger na wenzake walieleza utaratibu wa kupanga seva na funguo juu ya duara, ambao katika mfano huu huhamisha takriban moja ya tano tu. Maktaba nyingi za programu tayari zina utaratibu huo, kwa hiyo mkandarasi hana sababu ya kuuacha.

Ninalosisitiza hasa ni muda wa kuisha. Katika miradi mingi namba hiyo huwekwa na mwandishi wa programu kwa kukisia, na mara nyingi hubaki ile aliyoikuta kwenye mfano wa mafunzo. Matokeo yaliyokwisha kutangazwa yanaweza kukaa saa nzima bila madhara, mradi marekebisho yakifanyika nakala ya zamani ifutwe mara moja. Bei za mazao zinaweza kuvumilia dakika chache. Salio ambalo mtu anataka kulitoa sasa hivi lisitegemee nakala kabla ya muamala kuidhinishwa. Anayejua tofauti hizi ni ofisa mwenye dhamana ya taarifa, wala si kijana wa kompyuta, na kwa hiyo muda wa kila aina ya taarifa ungeandikwa ndani ya mkataba na kutiwa saini kama vipengele vingine.

Hata muda uliochaguliwa vyema una mitego. Memcached huhesabu sekunde kuanzia sasa hadi kufikia siku 30 tu, yaani sekunde 2,592,000. Namba inayozidi hapo huichukulia kuwa tarehe inayohesabiwa tangu Januari 1, 1970, kwa hiyo anayeandika sekunde za siku 60 huwa ameomba taarifa iishe Machi 1970, na haitakaa kabisa. Vilevile, majibu yaliyowekwa kwa pamoja yakipewa muda ule ule yataisha kwa pamoja, ndiyo maana huongezwa sekunde chache za kubahatisha kwa kila moja. Kwa jibu moja linalotafutwa na wengi muda wake unapoisha, wahandisi wa Facebook walieleza mwaka 2013 namna ya kumpa mwombaji mmoja kibali cha kwenda kwenye hifadhidata, huku wengine wakisubiri kidogo au wakipewa nakala iliyopitwa na muda mfupi.

Nimalizie na usalama, kwa kuwa seva hizi huwekwa kwa haraka. Februari 2018 tovuti ya GitHub, ambako waandishi wa programu huhifadhi kazi zao, ilishambuliwa kwa mafuriko ya data yaliyofikia terabiti 1.35 kwa sekunde, na silaha iliyotumika ilikuwa seva za Memcached za watu wengine zilizoachwa wazi kwenye intaneti. Seva ya aina hii ikae ndani ya mtandao wa taasisi pekee, na mkaguzi alithibitishe hilo akiwa nje ya mtandao huo kabla malipo ya mwisho hayajatolewa.

Msomaji wako,
Mhandisi wa programu, Dodoma