Kiu isiyokatika: nenda kwa daktari wa simu na hesabu mkononi

Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua tuzungumze na wasomaji wa Unguja na Pemba wanaotumia tiba mtandao, hasa walioomba miadi kwa sababu ya kiu isiyokatika. Mgonjwa hutumiwa ujumbe wa siku na saa, basi. Haambiwi aje na nini. Simu ikiunganishwa anasema, "Daktari, nakunywa maji sana." Daktari anauliza, sana ni kiasi gani? Hapo mazungumzo hukwama, na muda unakwisha kwa kubahatisha.

Kikohozi daktari atakisikia, upele atauona kwenye kamera. Kiu haisikiki wala haionekani. Kinachoweza kumfikia ni hesabu: kilichoingia mwilini kwa siku nzima, na kilichotoka. Kwa hiyo siku mbili kabla ya miadi, tenga saa 24 za kupima.

Anza na vyombo. Jaza maji chupa ya dukani ya nusu lita, kisha mimina kwenye gilasi na kikombe unachotumia kila siku ujue kila kimoja kinachukua kiasi gani. Kikombe cha nyumba moja huchukua mililita 200, cha jirani 350, ndiyo maana "vikombe kumi" haimwambii daktari kitu. Andika kila unachokunywa na saa yake: maji, chai, uji, supu, juisi, maziwa. Dafu limimine kwenye gilasi kwanza, maana madafu hayalingani maji. Bakuli la urojo nalo lihesabu.

Andika pia kinywaji chenyewe, si kiasi tu. Soda ya mililita 350 mara nyingi ina sukari ya vijiko 8 au 9 vya chai. Sukari ya damu ikipita kama 10 mmol/L (kizio cha kupimia sukari ya damu), figo hazimudu kuirudisha yote mwilini. Inayobaki humwagika kwenye mkojo na kuvuta maji. Mtu anakojoa sana, mwili unakauka, kiu inapanda, anafungua soda nyingine, na sukari inazidi kupaa. Huo ndio mzunguko tunaouogopa zaidi. Mpaka upimwe, kata kiu kwa maji matupu.

Sasa mkojo, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Tafuta jagi la plastiki la lita 1 lenye alama za kipimo. Kama halina, mimina humo nusu lita ya maji na upige mstari kwa kalamu isiyofutika. Lifunge kitambaa chekundu kwenye mkono wake lisije likarudi jikoni. Ukiamka, tuseme saa 12 asubuhi, kojoa chooni kama kawaida bila kupima, na uandike saa hiyo. Kuanzia hapo kila tone lipite kwenye jagi, soma alama, andika, mwaga. Kesho yake saa 12 kojoa tena, na mkojo huo wa mwisho uhesabu. Ukihesabu asubuhi zote mbili umezidisha mkojo wa usiku mzima; ukiziacha zote mbili umeupunguza.

Kuna mambo matatu yanayoharibu hesabu hii. Maji ya kuchambia yakiingia kwenye jagi, kipimo kimekwisha, kwa hiyo soma alama kwanza ndipo uchambe. La pili ni mkojo unaotoka wakati wa haja kubwa, ambao husahauliwa. La tatu ni vyoo vya nje ya nyumba, vya kazini au msikitini. Ukikosa kupima mara moja, andika "nimekosa mara 1, saa 7 mchana". Usikisie. Daktari anaweza kufanya kazi na pengo analolijua, lakini namba ya kubuni itampoteza.

Mtu mzima anayetoa zaidi ya lita 3 kwa siku, huo ni mkojo mwingi kwa kipimo cha tiba. Mwenye kiu aliyetoa lita 1 na nusu ataulizwa maswali mengine kabisa: joto la kaskazi, kazi ya juani, kuharisha, chumvi, dawa. Ukiwa unafunga, iwe Ramadhani au sunna, chagua siku ya kula, au iandike wazi kwamba ulikuwa umefunga.

Na tafadhali sana, usijizuie kunywa ili "ujipime". Kipimo cha kumnyima mtu maji kipo, lakini hufanyika hospitali, mgonjwa akipimwa uzito, mkojo na damu kila baada ya muda. Kuna watu wanaokosa homoni inayozuia maji yasipotee kwenye mkojo. Mkojo wao ni mwingi na mweupe kama maji, na mara nyingi hutamani maji ya barafu hata usiku. Mtu wa namna hiyo akijinyima nyumbani anaweza kukauka mpaka akachanganyikiwa.

Jitazame pia kama ni kiu kweli au ni kinywa kikavu. Ukilowesha midomo kwa mafunda mawili ukaridhika, huenda tatizo ni mate. Ukinywa mpaka tumbo likajaa na baada ya nusu saa unatafuta tena, hiyo ni kiu. Klorifeniramini ya mafua na amitriptilini hukausha kinywa. Furosemidi na haidroklorotiazidi, zinazotumika kwa presha na uvimbe, huongeza mkojo. Prednisoloni hupandisha sukari. Ndiyo maana dawa zote ziwe mezani, pamoja na za miti shamba. Zile zilizotiwa kwenye kibahasha kilichoandikwa "1×2" bila jina ni tatizo kubwa: rudi duka la dawa mapema ukaandikiwe jina na miligramu. Usiache dawa yoyote kwa kuihofia kabla hujasema na daktari.

Kama nyumbani kuna mashine ya sukari, pima asubuhi kabla ya kula, baada ya saa 8 bila kitu isipokuwa maji. Nawa kwa sabuni, kausha vizuri, ndipo utoboe ubavuni mwa ncha ya kidole. Mtu aliyetoka kumenya embe, utomvu ukabaki kidoleni, atapata sukari ya embe, si yake. Usikamue kidole kwa nguvu. Stripu (vijikaratasi vya kuwekea damu) zilizopita tarehe, au zilizoachwa kopo wazi kwenye unyevu wetu wa pwani, hudanganya. Taja na kizio kilichoandikwa kwenye mashine, kwa sababu mashine nyingine husoma mg/dl: 7.0 mmol/L ni sawa na 126 mg/dl. Sukari ya kufunga, yaani hiyo ya kabla ya kula, ikiwa 7.0 mmol/L au zaidi, au ya wakati wowote ikiwa 11.1 au zaidi pamoja na kiu na mkojo mwingi, ina maana kisukari kinashukiwa sana na damu ipimwe maabara.

Chini ya ukurasa ongeza: kiu ilianza lini, usiku unaamka mara ngapi kukojoa, umepungua kilo ngapi. Kama hakuna mizani, tundu la mkanda lililosogea linatosha kumweleza. Macho kuona ukungu, vidonda visivyopona na muwasho sehemu za siri vitajwe bila haya. Mzee wa makamo hasemi hayo mbele ya wakwe. Apewe chumba na mlango ufungwe.

Piga picha ukurasa huo uutume kabla ya miadi. Chaji simu tangu usiku, umeme haungoji mtu. Bando likiwa dogo, sauti inatosha, picha ya video iwashwe tu pale daktari atakapotaka kuona ulimi au nyayo. Hapo kaa ukitazama dirisha, mwanga uwe usoni, si mgongoni.

Usikate simu bila kujua vipimo gani unatakiwa kufanya, wapi, na majibu utamsomea nani. Karibu kila mwenye kiu hii atatakiwa kupimwa sukari na mkojo, pengine na kreatinini (inayoonyesha kazi ya figo), sodiamu, potasiamu na kalsiamu. Anayeishi Kojani, Fundo au Kisiwa Panza aulize kama vinaweza kufanywa siku moja, asivuke mara mbili.

Wapo wasiopaswa kungoja miadi kabisa: anayetapika, anayehema haraka na kwa kina, mwenye pumzi inayonuka kama matunda yaliyoiva mno, aliyelegea au anayesema yasiyoeleweka, na ambaye mashine yake imeandika HI, yaani sukari imepita uwezo wa mashine kuihesabu. Vivyo hivyo mtoto mwenye kiu anayekonda, aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani akaanza tena. Huyo apimwe sukari siku hiyo hiyo kituo kilicho karibu. Akiwa Pemba, usiku usiwe sababu ya kusubiri: hospitali za Chake Chake, Wete, Micheweni na Abdulla Mzee ya Mkoani ndiko kwa kukimbilia, si kwenye simu.

Na wanaotuma ujumbe wa miadi, tunawaomba waongeze mstari mmoja tu chini ya saa: "Njoo na kipimo cha ulichokunywa na ulichokojoa kwa saa 24, na dawa zako zote."

Wahudumu wa afya,
Chake Chake, Pemba