Mashindano ya programu si ya majiniasi tu

Mhariri, naomba kanafasi kidogo. Kila nikimwambia mwanachuo mwenzangu ajiunge na mashindano ya kuandika programu ananijibu "hayo ya majiniasi", si kweli bana. ICPC, yale mashindano ya kimataifa ya programu ya vyuo vikuu, mnaingia watu 3, kompyuta 1, masaa 5, kwa hiyo nusu ya kazi ni kuelewana nani ashike kibodi na nani abaki na kalamu na karatasi, na kila jibu bovu mlilotuma kwenye swali ambalo mwishowe mmelipata mnaongezewa dakika 20 za adhabu kwenye muda wenu, ndo maana kukurupuka kunaua timu nzuri kabisa. Sisi mara ya kwanza tulipoteza karibu lisaa kwenye swali jepesi kumbe jumla ilikuwa inapita 2,147,483,647, namba haienei kwenye biti 32, yaani ile nafasi tuliyoitengea kwenye programu (tulicheka baadaye, siku ile hapana).

Kontesti za mtandaoni, kwenye tovuti kama Codeforces na AtCoder, ni bure, anzia huko. Ila kuna hawa wanaokopi majibu ya AI kontesti ikiwa inaendelea, reti (alama za kiwango chako kwenye tovuti) inapanda kweli, halafu kwenye ICPC hakuna intaneti anabaki anaikodolea macho skrini. Bora aliyefeli swali akalirudia kesho yake mpaka likakubali.

Na nyie gazetini, mpira kila siku kurasa 4, fainali za dunia za ICPC hata mstari mmoja hamna, kwa nini?

Msomaji wenu wa kila wiki